Mpango Ukivunjika: Namna ya Kuinuka na Kuendelea, kwa Mkristo wa Uganda

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeanza jambo kwa maombi na kwa jasho, kisha likaanguka. Duka limefungwa. Matokeo ya S6 (kidato cha sita) yametoka vibaya. Kazi iliyoahidiwa imekwenda kwa mwingine. Pesa za mavuno zimeliwa na mshirika aliyeaminiwa. Awe anaishi Arua, Busia, Kasese, Nakivale au Kampala, imani anayo, ila hajui kesho asubuhi aanzie wapi.

Tunafuata utaratibu wa sura moja, 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi na kukuta mji umechomwa moto, wake na watoto wamechukuliwa. Soma sura hiyo polepole uone kinachotangulia na kinachofuata: kwanza wanalia, kisha Daudi anajitia nguvu katika Bwana, kisha anauliza, na mwisho ndipo anafuata. Wengi tukianguka tunarukia la mwisho. Siku ya pili tumeshakopa, wiki ya pili tumeanza upya palepale na kwa namna ileile, na kabla ya Pasaka tumeanguka mara ya pili tukiwa na deni juu. Hapo ndipo mtu anapoanza kusema Mungu amemwacha, wakati alichoruka ni hatua.

Hatua ya 1: Lia, ule, ulale

Jipe kati ya siku 3 na wiki moja ya kutokuamua kitu chochote kikubwa. Usiuze cherehani, usiandike barua ya kuacha chuo, usimpigie mshirika wako simu ya matusi, usikope. Biblia inasema watu wa Siklagi walilia hata wakaishiwa nguvu za kulia, na miongoni mwao alikuwamo mtu aliyempiga Goliathi. Makanisa yetu mengi yanaharakisha hapa. Mtu hajamaliza kueleza msiba wake, tayari ameshaambiwa aseme "ni kwa wema." Kanisa la Uganda lenyewe lina kumbukumbu tofauti. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na serikali ikakataa kuutoa mwili wake, waumini walikusanyika Namirembe kando ya kaburi tupu, wakaomboleza na kuimba pamoja. Maombolezo ni sehemu ya ibada.

Njia rahisi: asubuhi soma Zaburi 13 kwa sauti. Ina mistari 6 tu. Mwandishi anauliza "hata lini" tena na tena, ndipo anafika kwenye kumtumaini Mungu. Baada ya kusoma, mwambie Mungu jambo lako kwa lugha ya nyumbani kwenu, na uliseme lilivyo. "Bwana, milioni moja na laki nane zimekwenda, na watoto wanarudi shule wiki ijayo" ni sala kamili.

Mwili nao una zamu yake. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akatembea siku 40. Kula chakula cha moto angalau mara mbili kwa siku, hata kama ni posho (ugali) na maharage. Lala kabla ya saa tano usiku. Ukitaka kufunga, subiri hatua ya 5, na hapo ufunge ukiwa umepata usingizi. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kisukari na mama mjamzito wasifunge chakula bila kumwuliza mhudumu wa afya.

Ikiwa zimepita wiki mbili hulali, huli, au unawaza kufa, hilo ni jambo la hospitali na la maombi kwa pamoja. Mwambie mtu mmoja leo, usingoje Jumapili. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ueleze ulivyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na Kampala kuna hospitali ya afya ya akili ya Butabika. Kumeza dawa hakupunguzi imani, kama vile kumeza dawa ya malaria hakuipunguzi.

Hatua ya 2: Kagua magofu kabla ya kutangaza lolote

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu. Kisha akatoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta zilizobomoka, wala hakumwambia mtu alichokusudia. Fanya hivyo. Nunua daftari la kurasa 96, tafuta mahali pa utulivu kwa saa mbili, uandike kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza: kilichopotea. Andika kwa shilingi, kwa miezi, kwa majina. "Kila kitu kimekwisha" si hesabu.

Ukurasa wa pili: kilichobaki. Watu huuruka ukurasa huu kwa sababu huzuni inaficha vitu. Andika vifaa, ujuzi, wateja waliokuwa wanarudi, vyeti, madeni unayodai, sehemu unayoruhusiwa kulima, namba za simu za watu wanaokuheshimu.

Ukurasa wa tatu: kinachodaiwa. Nani, kiasi gani, tarehe gani, na je, kuna maandishi?

Chukua mfano wa fundi wa kushona sare za shule pale Busia aliyeanza na shilingi 1,800,000. Cherehani ilimchukua 700,000, vitambaa 700,000, kodi ya chumba miezi minne 400,000. Mwezi wa pili shule zikafunguka, akauza vizuri sana, lakini wazazi tisa walichukua sare kwa mkopo, kila mmoja 80,000. Fedha taslimu zilizobaki zikaenda kwenye karo ya watoto wake mwenyewe. Mwezi wa nne hana kitambaa, hana kodi, na anaamini biashara imekufa. Daftari linasema mengine. Cherehani ipo. Ujuzi upo. Nje kuna 720,000 za kwake. Kilichokufa ni mzunguko wa fedha, na anachohitaji ili kurudi kazini ni kama 300,000 za vitambaa na kodi ya mwezi mmoja. Hesabu ya kurudi karibu kila mara ni ndogo kuliko hesabu ya kuanza, lakini asiyeandika anaendelea kuuogopa mlima wa kwanza na kwenda kukopa milioni mbili.

Hatua ya 3: Ita sababu kwa jina lake

Hapa pana ugumu wa kweli kwa Mkristo, kwa hiyo tukae kidogo.

Jambo likianguka, mtu wa kanisani hupewa maelezo mawili haraka: ni adui, au Mungu anakujaribu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini yakitangulia, yanafunga uchunguzi. Fundi wetu akiambiwa jirani amemroga, ataacha kuwafuata wadeni wake tisa na kuanza kumchukia mtu mmoja asiye na kosa. Ukoo mzima umewahi kuvunjika kwa neno kama hilo. Kanuni tunayoishika ni hii: sababu inayoweza kuandikwa kwenye daftari ishughulikiwe kwanza. Omba ulinzi kila siku, kama tulivyofundishwa katika Baba Yetu, ila usimtaje mtu yeyote kuwa mchawi wako.

Sababu nyingi zinaanguka katika mafungu haya:

Hesabu. Hukujua bei halisi ya kutengeneza kitu kimoja, au uliuza kwa mkopo bila kikomo, au mtaji na matumizi ya nyumbani vilikaa mfuko mmoja. Luka 14:28 inamsifu anayeketi kwanza kupiga gharama ya mnara.

Majira. Uganda ina mihula mitatu ya shule, na kila ufunguzi wa muhula unakamua mfuko wa kila nyumba: mwezi wa pili, karibu na mwisho wa mwezi wa tano, na mwezi wa tisa. Ukifungua biashara ya vitu visivyo vya lazima wiki hizo, wateja wako wanalipa karo. Mvua nazo, kwa sehemu kubwa ya nchi, huja kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na wa tisa hadi wa kumi na moja. Anayefyatua matofali au kukausha samaki bila kutazama kalenda hiyo anashindana na mbingu.

Watu. Ulimpa ndugu au mshiriki mwenzako wa kanisa pesa bila karatasi. Fungu hili tutalirudia.

Sheria na karatasi. Wakaguzi wa halmashauri walifunga kibanda kwa sababu hukuwa na leseni ya biashara ya mwaka huo. Au umenyimwa zabuni ya shule kwa kukosa jina la biashara lililosajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na namba ya mlipakodi ya URA, mamlaka ya kodi. Fungu hili ndilo jepesi kurekebisha, na watu huliita shetani mara nyingi kuliko yote.

Ugonjwa na msiba. Hakuna kosa hapa. Usijitafutie dhambi isiyokuwepo. Yohana 9 inatosha.

Tabia. Ulidanganya kipimo, ulikunywa mtaji, ulichelewa kazini kila wiki. Kama ni hili, tubu kwa Mungu, kisha mwendee uliyemkosea ukamrudishie. Zakayo alirudisha mara nne.

Andika sababu mbili, zisizidi, katika sentensi mojamoja. Mtu mwenye sababu kumi atarekebisha sifuri.

Hatua ya 4: Tafuta watu watatu, na wasiwe mtu mmoja

Unahitaji mtu wa kuomba nawe, mtu anayeijua kazi yenyewe, na mtu aliye huru kufungua daftari lako la pesa. Wengi humbebesha mchungaji yote matatu. Mchungaji anaweza kuwa mwombaji mzuri sana na asijue lolote kuhusu bei ya kitambaa. Kwa kazi yenyewe, nenda kwa mama au mzee aliyekaa sokoni miaka mingi, hata kama si wa dhehebu lako, hata kama ni Mwislamu. Ushauri wa bei hauna dhehebu. Kwa daftari la pesa, mchague mtu ambaye hakudai na humdai.

Omba muda maalumu. "Mchungaji, naomba dakika ishirini zako Jumatano baada ya ibada ya mchana. Nimeandika ukurasa mmoja, nataka uusome kisha tuombe." Ukienda bila ukurasa, mazungumzo yatazunguka na utatoka na "tuzidi kuomba" tu. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, na maswali yawe yaleyale: ulisema utafanya nini, umefanya nini, nini kilizuia, wiki mbili zijazo utafanya nini?

Walokole wa uamsho ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 walijengwa na jambo hili la kukutana katika vikundi na kuweka mambo nuruni. Ukikosa kikundi cha seli karibu, watu watatu hao wanatosha kuanza.

Neno moja kali. Yeyote anayekuambia upande mbegu ya laki tatu ili mlango ufunguke, hali ndizo laki tatu za vitambaa, usimpe. Mungu hauzi milango. Toa sadaka yako kanisani kwako kama desturi yako, katika kipato ulichopata, na mtaji uuache ukafanye kazi.

Hatua ya 5: Muulize Mungu swali linalojibika

Daudi hakuomba "Bwana, nibariki." Alimwita Abiathari kuhani, akaomba naivera, vazi la kikuhani la kumwuliza Mungu, akauliza mambo mawili: niwafuate, na nitawapata? Geuza sababu zako mbili kuwa maswali ya namna hiyo. "Bwana, nirudi kwenye sare au nishone mapazia mpaka mwezi wa kumi na moja?" "Nirudie mtihani au niingie chuo cha ufundi?"

Tenga siku moja ya kufunga, kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ukinywa maji. Ukienda mkesha, nenda, lakini usiamue jambo saa tisa usiku huku kichwa kikielea kwa usingizi. Andika ulichohisi, ulale, ukisome mchana. Kisha kipime: kinapatana na Maandiko? Kinawezekana bila rushwa wala uongo? Anayeijua kazi anasemaje? Nyumba yako inaweza kukibeba, na mke au mume amekubali kwa moyo? Ukipata "hapana" kwenye swali la kwanza au la pili, acha hapohapo. Ukipata "hapana" kwenye mawili ya mwisho, mara nyingi maana yake ni "bado" au "kwa njia nyingine."

Soma pia Matendo 16. Paulo alikusudia kuhubiri Asia, akazuiwa. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa. Akashuka Troa, na hapo ndipo Makedonia ilipofunguka. Wito wake haukubadilika hata siku moja. Barabara ndiyo iliyobadilika, mara mbili, akiwa anatembea.

Hatua ya 6: Andika mpango wa siku 90

Siku 90 zinatosha kuona matunda ya kwanza na hazitoshi kukuchosha. Ukurasa mmoja, wenye tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho, lengo moja linalohesabika, na kazi ya kila wiki. Ubandike ndani ya mlango wa kabati. Habakuki 2:2 inaagiza njozi iandikwe wazi isomeke kama maji.

Kwa fundi wetu, wiki ya kwanza hadi ya sita ni za kukusanya madeni. Anaanza na aliye karibu na mwenye tabia ya kulipa. Haombi 80,000 kwa mpigo, maana mtu akiona haiwezekani anazima simu. Anasema: "Habari za leo, Mama Grace. Ile pesa ya sare imebaki elfu themanini. Naomba tuivunje elfu kumi kila Ijumaa, unitumie kwa simu, na kila ukituma nitakuandikia baki." Wote tisa hawatalipa. Wakilipa watano, ni 50,000 kwa wiki, na kwa wiki sita 300,000 zimefika bila kukopa senti. Kuanzia wiki ya saba ananunua vitambaa vichache, na sheria mpya imebandikwa ukutani: nusu ya bei kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Muda ukimalizika mwezi wa saba au wa nane, anaingia kipindi cha sare za muhula wa tatu akiwa tayari.

Asiyelipa kabisa je? Kama ni mwamini mwenzako, Mathayo 18 ina hatua zake: wewe na yeye peke yenu, kisha mbele ya wawili au watatu, kisha kanisa. Fanya hizo kwanza, na kwa upole. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye husuluhisha mengi. Ikishindikana, mahakama za Uganda zina utaratibu wa madai madogo kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, bila haja ya wakili. Unaanza kwa kumpa mdaiwa barua ya madai yenye siku 14 za kulipa. Kwa hiyo karatasi ni muhimu tangu mwanzo: kila mkopo au ushirika uandikwe nakala mbili, majina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, kiasi, tarehe, saini, na shahidi. Kuandikiana na ndugu wa kanisani ni kumlinda yeye pia.

Hatua ya 7: Linda pesa kidogo inayoanza kurudi

Tenga mifuko miwili tangu shilingi ya kwanza, mtaji na nyumba, hata kama ni bahasha mbili au laini mbili za simu. Kila jioni andika mauzo, gharama na faida.

Zaka inawachanganya wengi wanaoinuka. Ukiuza kwa 100,000 na bidhaa zilikugharimu 70,000, kipato chako ni 30,000, na sehemu ya kumi yake ni 3,000. Anayetoa 10,000 kila mara anakula kitambaa cha kesho akidhani anatii, kisha anashangaa rafu zinapokuwa tupu. Mwulize mchungaji wako mkiwa mmetulia, muelewane, ukae na amani.

Mikopo ya haraka iogope. Mkopeshaji wa mtaani anayetoa 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi anakutoza 50,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita umelipa 300,000 na zile laki tano bado ziko palepale. Wakopeshaji wanapaswa kuwa na leseni kutoka mamlaka ya serikali, UMRA. Omba kuiona kabla ya kusaini, wala usiache kitambulisho au hati ya ardhi mikononi mwa mtu.

Kikundi cha akiba cha kijijini ni bora zaidi kwa wengi. Chenye mpango mzuri kina kitu kama watu 15 hadi 30 wanaojuana, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti ambao hakuna kati yao anayelala na sanduku. Hesabu inasomwa mbele ya wote kila mkutano, na mgawo hufanyika mwisho wa mzunguko, mara nyingi baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Kikundi ambacho sanduku, funguo na daftari vyote viko kwa mwenyekiti, hata akiwa mzee wa kanisa, usiingie.

Kama ndoto yako ni shule au ajira

Hatua ni zilezile, lakini milango ina majina yake. Aliyekosa alama mbili kuu za S6 zinazotakiwa chuo kikuu anaweza kurudia mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kama mtahiniwa binafsi kupitia kituo kilichosajiliwa. Ulizia usajili mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu hufungwa miezi mingi kabla ya mitihani ya Novemba. Mwingine anaweza kusoma cheti cha mwaka mmoja kinachomwandaa kwa digrii, au kuingia chuo cha ufundi na kupanda kwa diploma. Aliyefikisha miaka 25 anaweza kujaribu mtihani wa kujiunga na chuo kikuu kwa njia ya watu wazima. Aliyekubaliwa chuo akakosa ada aulizie mikopo ya wanafunzi ya serikali, HESFB, ambayo ina muda wa maombi na kozi maalumu inazolipia. Kabla ya kurudia mtihani, tumia hatua ya 3 kwa ukweli: ulifeli kwa kukosa kitabu na mwalimu, au kwa kuchagua masomo usiyoyaweza? Ukirudia masomo yaleyale kwa hali ileile, utapata matokeo yaleyale.

Anayetafuta kazi nje ya nchi aangalie kama wakala ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na asitume pesa kwa namba binafsi ya mtu yeyote, hata akiwa amemjua kwenye maombi.

Katikati, nguvu zinapokwisha

Tarajia jambo hili, ulipangie. Katika Nehemia 4 ukuta ulifika nusu ya kimo chake, na mara baadaye wabebaji wakasema nguvu zimekwisha na kifusi ni kingi. Nusu ya njia ni mahali pabaya kuliko mwanzo: furaha ya kuanza imekwisha, mwisho hauonekani, na vifusi vya zamani bado vimejaa. Kwa mpango wa siku 90, hapo ni kama wiki ya sita au ya saba. Panga mapema kwamba wiki hiyo utapunguza kazi kwa siku mbili, utakutana na watu wako watatu hata kama si zamu, na utasoma tena ukurasa wa kilichobaki. Nehemia aliwapanga watu kwa jamaa zao na kuwapa zamu, nusu kazini na nusu kwenye ulinzi, na ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Nyumbani pia kuna waliochoka. Watu 200 wa Daudi walishindwa kuvuka kijito cha Besori, wakabaki na vyombo. Wenzao waliporudi vitani, Daudi aliwagawia sawa na waliopigana. Mke asiyetaka tena kusikia habari za duka, mzazi aliyeuza ng'ombe akachoka kusubiri, waache wapumzike bila kuwaita watu wa imani haba. Mpe kila mmoja kazi ndogo anayoiweza, kama kuandika mauzo ya jioni, na faida ya kwanza ikija iguse meza yao kwanza: kilo ya nyama, sukari, daftari za watoto.

Ibada ya kila siku katika kipindi hiki iwe fupi na isikatike. Dakika 20 asubuhi kabla ya kushika simu: zaburi moja, ombi moja lenye jina na kiasi, shukrani kwa jambo moja la jana, kisha andika kazi moja utakayoimaliza kabla ya saa sita mchana. Siku uliyokosa, usilipe kwa saa mbili kesho yake. Anza tena na zilezile 20.

Siku ya 90

Kaa na wale watatu, daftari likiwa wazi. Soma lengo lililoandikwa siku ya kwanza, na usikubali kulibadilisha baada ya matokeo. Kama umefika angalau nusu na sababu zako mbili zimepungua, andika siku 90 nyingine, lengo likipanda kidogo. Kama hukufika nusu lakini kazi ya kila wiki uliifanya, tatizo liko kwenye njia, kwa hiyo mwite anayeijua kazi mbadilishe bidhaa, mahali au bei, ujaribu mara moja zaidi. Kama kazi ya wiki haikufanyika, usiilaumu ndoto. Tafuta kilichokula muda wako na ukipange upya. Na kama umepita vipindi viwili vya uaminifu kamili, nyumba inaumia, na wote watatu, kila mmoja peke yake, wanakuambia uweke chini, weka chini kwa mwaka mmoja. Lipa madeni yaliyobaki, hifadhi vifaa vinavyohifadhika, tafuta kipato kingine. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipouzwa na 30 alipofika mbele ya Farao, na katikati alisimamia nyumba ya Potifa na kisha gereza. Andika tarehe ya kulifungua jambo hilo tena, uwape wale watatu nakala.